Namna ya kutafiti mageuko ya viumbe vya baharini ukiwa mwanafunzi Dodoma

Kila mwaka wa masomo unapoanza napigiwa simu ile ile. "Dada, nataka tasnifu yangu ya uzamili iwe ya viumbe vya baharini, ila niko Dodoma. Nihame chuo?" Usihame. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, unakunywa chai nyumbani na mchana unakula wali wa nazi. Anayesoma kwenye vituo vya sayansi ya bahari vya pwani, Kunduchi kule Dar au Buyu kule Zanzibar, anaweza kushuka ufukweni siku yoyote, akakusanya kwanza na kuwaza baadaye. Sisi wa huku nauli inatukataza. Unapanga ukiwa Dodoma, unakwenda mara chache, na kila chupa unayorudi nayo unajua umeichukua kwa nini.

Wa kukucheka hawakosekani. Mjomba wangu wa Kondoa mpaka leo ananiuliza bahari ya Dodoma iko upande gani wa Bahi.

Swali kabla ya nyavu

"Mageuko ya samaki wa Tanzania" ni kabati zima la vitabu, wala si swali. Swali la uzamili liingie kwenye sentensi moja, na liwe linaweza kujibiwa "hapana" bila tasnifu kufa. Chukua mfano. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini sambamba na pwani yetu mwaka mzima. Kusi ikivuma unaongezeka kasi, kaskazi ikiingia unapungua. Viluwiluwi vya samaki na wanyama wengi wasio na uti wa mgongo huelea na maji hayo kwa siku au majuma kadhaa kabla ya kutulia. Je, tasi wa Mtwara na tasi wa Tanga bado ni jamii moja inayochanganyika, au wameanza kuachana? Hilo ni swali. Lina spishi moja, Siganus sutor, lina sababu ya kukufanya utegemee jibu fulani, na jibu lolote utakalopata lina la kusema. Unaweza kuliuliza vilevile kwa pweza wa mwambani, Octopus cyanea.

Ukitaka kuona swali la namna hii lilivyojibiwa, fuatilia habari za silikanti. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumkuta kwenye nyavu zao, na mwaka 2011 ukatoka uchambuzi wa DNA ulioonyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu ni kundi lililojitenga kinasaba na wale wa Komoro.

Lakini silikanti msome tu, usimchague. Yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaobana biashara ya viumbe walio hatarini, na hata ukipewa vibali vyote hutapata sampuli za kutosha kabla muda wako wa masomo haujakwisha. Matumbawe magumu yote yamo Kiambatisho cha Pili, na baadhi ya majongoo bahari wa chuchu nao wamo humo. Ushauri wangu ni mmoja: chagua kiumbe anayeliwa. Anayeliwa yuko sokoni, ana mvuvi anayemjua, na ana watu wa kukwambia anapatikana lini.

Mkono uzoeshwe na perege

Kabla ya kugusa bahari, nenda soko la Majengo asubuhi ununue perege na sato wa Mtera ambao hawajakaushwa. Wa moshi na wa jua DNA yao imeshakatikakatika. Waache kwa ajili ya ugali. Mwuzaji atataka kukuparulia magamba na kutoa matumbo palepale. Mwambie, "Mama, naomba huyu nimchukue mzima hivyohivyo," na uvumilie anavyokutazama.

Mlaze samaki kwenye kitambaa cha rangi moja, kichwa kielekee kushoto, rula chini yake, karatasi ya namba pembeni, kisha piga picha. Upande wa kushoto ndio wa picha, kwa hiyo usiukate. Sampuli ya DNA ichukue upande wa kulia: kipande cha pezi la ubavuni au cha msuli, ukubwa wa punje ya harage. Pima urefu, hesabu miiba ya pezi la mgongoni, tazama mkia. Sato ana mistari ya wima kwenye mkia wote. Perege wa asili wa bonde la Rufiji hana mistari iliyopangika namna hiyo. Halafu utakutana na mmoja aliye nusu huku nusu kule. Usidhani macho yako mabovu. Sato aliletwa kutoka kwingine, na mahali kadhaa nchini wataalamu wameshathibitisha kwamba anazaliana na perege wa asili. Tayari umeshaingia kwenye mageuko, na bado uko mita chache kutoka kwenye mafungu ya mlenda.

Rudia mpaka kazi yote ya samaki mmoja, kuanzia picha hadi chupa kufungwa, uifanye bila kufikiri. Kisha toa DNA, endesha PCR, yaani kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi, uone kama mstari wa nakala hizo unatokea kwenye jeli. Ukiona tatizo la praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, au la mashine, liishe hapa kwa samaki wa bei rahisi.

Barua

Hapa sitakaa sana maana kila halmashauri ina mwendo wake. Barua ya utambulisho ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inaishia kwa ofisa uvuvi na kamati ya BMU, yaani wanakijiji wanaosimamia uvuvi wa ufukwe unaoutaka. Hifadhi za bahari, kama Mafia, zina kibali chao peke yake, na Zanzibar ina utaratibu wake wenyewe. Ukikusudia kutuma sampuli nje ya nchi kusomwa, ulizia mkataba wa kuhamisha sampuli mapema, kabla hata ya kukusanya. Sampuli isiyo na karatasi haichapishiki, hata iwe nzuri vipi.

Safari hupangwa na mwezi

Kama unakusanya wanyama wa mwambani kwa miguu, kalenda yako ni mwezi, na mwezi unaonekana Dodoma vizuri kuliko Dar. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hata ukikaa ufukweni kutwa mwamba hautoki. Kupwa kwa chini kabisa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Pwani yetu ina bahati: wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Panga ufike siku mbili kabla. Ya kwanza ni ya kusalimia watu, ya pili ni ya kutazama bila kuchukua kitu.

Ya kusalimia usiiruke. Kina mama wanaochokoa pweza wanaijua miamba hiyo shimo kwa shimo. Shikamoo itangulie, shida yako ifuate, na usianze na "DNA". Sema unataka kujua kama pweza wa hapa na wa kule ni ndugu. Utajibiwa papo hapo, mara nyingi na sababu. Bibi mmoja aliniambia wa kwao hawawezi kuwa ndugu na wa ng'ambo ya mlango wa mto, kwa sababu "maji ya mvua yanawakataza kuvuka". Maji baridi ya mto ni kizuizi halisi kwa viumbe vingi vya chumvi. Nililiandika kwenye daftari kama dhana ya kupimwa, na msimamizi wangu aliipenda kuliko zile mbili nilizozitoa kwenye makala.

Mwenye pweza anauza pweza, kwa hiyo omba ncha ya mnyiri tu. Inatosha kabisa, na mnyama anabaki na bei yake. Kwa konokono chukua msuli wa mguu. Kwa kaa, kipande cha msuli wa mguu wa kutembelea.

Ethanoli, lebo na basi

Tasnifu nyingi zinaharibikia hapa, kwa hiyo soma taratibu.

Tumia ethanoli ya asilimia 95 au 96. Spiriti ya dukani imechanganywa na vitu vingine; ya kusafishia vidonda ni asilimia 70 na maji yake ni mengi mno; na konyagi, maana lazima kuna atakayeuliza, ni asilimia 35. Kwa kipande kimoja cha nyama weka ethanoli mara tano ya ujazo wake. Baada ya siku moja imwage na uweke mpya, kwa sababu maji yaliyokuwa ndani ya nyama yametoka na kuipunguza nguvu ya kwanza. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa na watu waliochoka, halafu miezi mitatu baadaye wanalaumu mashine.

Lebo iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi nene, na iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye ethanoli, na karatasi ya kubandika nje inadondoka. Kwenye lebo weka namba, tarehe, mahali na herufi za mwanzo za jina lako. Kwenye daftari weka namba hiyohiyo na mengine yote: jina la kienyeji, vipimo vya GPS, kina, aina ya mtego, hali ya maji. Picha za daftari zipige kila jioni na kuzituma kwa mtu aliye Dodoma.

Sasa usafiri. Ethanoli inawaka, na lita tano za kitu kinachowaka hazipandi basi wala treni. Habari njema ni kwamba sampuli iliyokaa kwenye ethanoli siku kadhaa na kubadilishiwa mara moja imeshakauka maji. Siku ya safari mwaga karibu yote, acha ya kulowanisha tu, funga vifuniko kwa utepe, weka chupa kwenye mfuko wa zipu na mfuko huo ndani ya mwingine. Ukifika Dodoma, usiku huohuo, jaza tena. Wengine hukwepa ethanoli kabisa kwa kutumia mchanganyiko wa kemikali mbili za maabara, DMSO na EDTA, pamoja na chumvi inayoongezwa mpaka igome kuyeyuka. Hauwaki, na kwa wanyama laini wa baharini unafanya kazi vizuri mno. Unauchanganya maabara kabla ya kuondoka.

Huku kwetu kuna joto la Novemba na umeme unaokatika. Sampuli zilizo kwenye ethanoli zinavumilia kabati lenye giza na ubaridi wakati friza imezimika, mradi zisikae karibu na dirisha. Ila gawa kila sampuli mara mbili na uweke chumba tofauti. Najua maabara moja ambayo friza ilizimwa wikiendi nzima na mtu aliyetaka soketi ya kuchajia simu.

Jongoo bahari na Jiki

Mfano mmoja wa kazi inayofanyika Dodoma kikamilifu, kwa gharama ya nauli ya daladala. Majongoo bahari wengi wanafanana kwa nje, na wakishakaushwa ndiyo balaa, wote ni vipande vyeusi vigumu. Lakini ndani ya ngozi yao mmejaa vijiwe vya chokaa visivyoonekana kwa macho, na maumbo ya vijiwe hivyo hutofautisha spishi.

Kata kipande cha ngozi ya mgongoni kisichozidi punje ya mchele, kiweke kwenye kioo cha hadubini, dondoshea Jiki matone mawili. Utaona povu dogo likichemka kimyakimya na ngozi ikiyeyuka ukingoni. Ikiisha, nyonya Jiki taratibu kwa pipeti ya tone, weka maji safi, subiri vijiwe vitulie, nyonya tena. Rudia mpaka harufu ya klorini iishe. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi na yanaacha fuwele zinazokudanganya, kwa hiyo tumia yaliyochujwa kwa mvuke. Kisha funika na utazame. Kwa jongoo mchanga, Holothuria scabra, utaona vijiwe kama meza ndogo zenye mnara katikati, na vifungo vyenye vinundu na matundu yaliyopangwa jozi jozi. Chukua na ngozi ya tumboni, maana mchanganyiko wa maumbo unabadilika kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine.

Formalini usiitumie kwa wanyama hawa. Ina asidi, na asidi inakula chokaa. Kwa DNA yao, acha ngozi, chukua mistari ya misuli inayokwenda urefu wa mwili kwa ndani. Ngozi ina utelezi mwingi unaozuia PCR. Ukibanwa, tumia njia ya CTAB, namna ya kutoa DNA inayoondoa utelezi huo.

Asiye na nauli aende Singida

Namaanisha aende kwa kusoma. Mahenge, kwenye uwanda wa juu wa Singida, palikuwa na ziwa ndani ya kreta zama za Eosini, miaka milioni 46 hivi iliyopita, na matope yake yamehifadhi samaki. Mojawapo ni Mahengechromis, visukuku vya jamii ya perege ambavyo ni miongoni mwa vya kale zaidi kujulikana duniani kwa ukoo huo. Palepale ametoka pia chura, na popo.

Visukuku vyenye umri unaojulikana ndivyo vinavyoiwekea saa mti wa ukoo. DNA peke yake inakwambia nani yuko karibu na nani. Miaka haikwambii mpaka uipe nukta ya kuanzia. Kwa perege na jamaa zao, nukta hiyo mojawapo iko saa chache kutoka unapoketi. Na inagusa bahari: miti ya DNA inawaweka perege na jamaa zao katika kundi moja kubwa na samaki wengi wa chumvi, wakiwemo wale wadogo wanaojificha kwenye maua-bahari. Kuna ubishi wa miaka mingi kama mababu wa perege walikuwepo kabla Afrika haijaachana na Amerika ya Kusini, miaka milioni 100 hivi iliyopita, au walivuka maji ya chumvi baadaye. Mwaka 2013 uchambuzi uliotumia visukuku uliegemea upande wa kuvuka. Data za DNA za samaki hawa ziko wazi kwenye GenBank, hazina ya mtandaoni, programu za kupanga DNA na kuchora miti kama MAFFT, IQ-TREE na BEAST ni za bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kwa mti wa ukubwa wa tasnifu. Ni mradi halali kabisa, na msimamizi akikunja uso mwambie visukuku vya mti huo vimetoka mkoa jirani.

Kusoma herufi

Kwa wengi wetu mashine ya kusoma DNA haiko jirani. Bidhaa ya PCR inatumwa Nairobi, Pretoria au Amsterdam, na majibu yanarudi kwa barua pepe. Fungua michoro yenyewe ya mawimbi, usipokee herufi tupu. Mwanzo na mwisho huwa na vurugu. Kata mpaka mawimbi yasimame moja moja. Kwa jeni ya COI, inayotumika zaidi kutambua wanyama, utabaki na herufi 650 hivi.

Kisha tafsiri herufi kuwa amino asidi, na chagua jedwali sahihi la kanuni, yaani orodha inayosema kila herufi tatu zinasimamia amino asidi gani. Samaki ni jedwali la 2. Pweza, konokono na kaa ni la 5. Jongoo bahari na kiti cha pweza ni la 9. Matumbawe ni la 4. Ukimpa kaa jedwali la samaki, AGA na AGG zitasomeka kama alama za kusimama na utadhani jeni imevunjika, kumbe ni nzima. Ukiwa kwenye jedwali sahihi na bado kuna kusimama katikati, hasa kwa kaa na kamba, shuku kwamba umesoma nakala mfu iliyohamia kwenye kiini cha seli. Rudi kwenye DNA, badili praima.

Na kwa matumbawe, COI inabadilika polepole mno. Spishi mbili zinaweza kuwa na herufi zilezile. Usiandike "hakuna tofauti" kwenye matokeo kabla hujapima jeni nyingine inayokwenda kasi zaidi.

Mti ukishatoka, rudi kwenye picha zako za kushoto na daftari. Tawi lililokaa mahali pa ajabu mara nyingi ni chupa mbili zilizobadilishana lebo, na ile karatasi ya penseli ndani ya ethanoli ndiyo itakayokwambia ni zipi. Zifungue uzisome kabla hujamwandikia msimamizi kwamba umepata spishi mpya.